Afya, Ardhi Isiyo Kodi na Kaburi la Nyumbani: Waairishi na Maneno ya Glasi

Kila ofisa aliyepata kupita chuo cha makadeti anaukumbuka usiku wake wa kwanza wa karamu ya messi. Sare zimepigwa pasi hata zadhaniwa zaweza kusimama zenyewe, visu na uma vimelala mezani kwa mstari kama kuruta walio gwarideni, na hakuna athubutuye kuinuka kwenda haja mpaka mkuu wa meza agonge rungu lake. Sisi, usiku wetu huo ulitufedhehesha. Tulitoka mazoezini jioni tukiwa na kiu ya ngamia, na glasi ilipojazwa mbele yetu tukaimaliza kwa mikupuo miwili. Kumbe haikuwa ya kukata kiu. Dakika chache baadaye ukatoka mwito wa kusimama na kunyanyua glasi kwa heshima ya Mheshimiwa Rais, nasi tukasimama na glasi tupu mkononi, tukajitia kunywa hewa. Sajini mmoja mkufunzi, mtu ambaye macho yake hayakupata kupitwa na kitu, alituona. Jumamosi yote iliyofuata tulikuwa na fyekeo mkononi nyuma ya ghala.

Huko nyuma ya ghala ndiko swali hili lilikotujia: kwa nini mwanadamu, aliyekwisha kununua kinywaji chake au kukaribishwa, asikinywe tu? Kwa nini asimame kwanza, aseme neno, amtaje mtu, agonganishe glasi na jirani yake?

Desturi ya messi tuliirithi kwa Waingereza, na kwa Mwingereza neno la glasi ni fupi na kavu: anamtaja mfalme wake, anakunywa, anaketi. Lakini jirani zake wa kisiwa cha pili, upande wa magharibi, Waairishi, waliligeuza neno hilo kuwa elimu nzima. Tumeona vema leo tuwaeleze wasomaji wetu wa jeshi na polisi habari za watu hao na dua zao za glasi, maana ndani ya dua hizo mna vita, mna kodi, mna njaa, mna askari waliofia ugenini, na baadhi ya habari hizo zinagusa ardhi yetu sisi wenyewe.

Tuanze na neno lililo fupi kuliko yote. Mwairishi anyanyuapo glasi husema "Sláinte", ambalo hutamkwa karibu na "slancha", na maana yake ni afya. Hakuna zaidi. Sisi tusemao Kiswahili husema "Maisha marefu!" nayo ni dua ile ile. Lakini yafaa kujua kwamba katika Kiairishi hata salamu ya kawaida ya njiani ni dua. Mtu akikutana na mwenzake humwambia "Mungu awe nawe", na huyo mwenzake hawezi kurudisha salamu hiyo kama alivyoipokea; sharti aiongeze, aseme "Mungu na Mariamu wawe nawe". Ni kama yule aambiwaye "Asalaam alaykum" akaitikia kwa rehema na baraka juu yake. Kupokea dua na kuirudisha pungufu ni uchoyo.

Na uchoyo kwa Waairishi wa kale ulikuwa kosa la kuogofya. Sheria zao za zamani, zilizotunzwa na mahakimu walioitwa mabrehoni, zilimtaka mtu amkaribishe mgeni kwa kadiri ya cheo chake. Katika hekaya zao yumo mfalme aitwaye Bres, aliyekuwa mzuri wa sura na mkavu wa mkono. Wageni waliingia kwake wakatoka visu vyao havina mafuta na pumzi zao hazina harufu ya pombe. Akaja mshairi Cairbre, akawekwa katika kijumba cha giza kisicho na moto wala kitanda, akapewa vikate vitatu vikavu. Asubuhi yake mshairi akatunga maneno ya kumlaani mfalme, na husemwa kwamba hiyo ndiyo dhihaka ya kwanza kutungwa katika Ireland. Tangu siku ile ufalme wa Bres ukaanza kuporomoka. Hiyo ni hekaya, lakini inatuonyesha imani iliyo chini ya desturi yenyewe: kwamba neno lina nguvu ya kujenga na ya kubomoa, na kwamba palipo na kinywaji ndipo pafaapo kulitamka lile la kujenga.

Wala si kwamba dua zote za glasi ni za upole. Iko moja mashuhuri sana, nasi twaamini kwamba makachero wetu wataipenda. Anyanyuaye glasi huwaombea heri wale wampendao. Kisha, kwa wale wasiompenda, humwomba Mungu aigeuze mioyo yao. Na ikiwa mioyo haigeuki, basi ageuze vifundo vya miguu yao, ili wajulikane kwa kuchechemea. Nyingine humtakia rafiki awe amekwisha kufika mbinguni nusu saa nzima kabla Shetani hajapata habari ya kifo chake. Huo ndio ucheshi wa watu hao. Dua yenyewe ni ya kweli, lakini hupitishwa kwa mlango wa kicheko. Mwombaji haombi kwamba rafiki yake asiwe na dhambi, maana amjua. Aomba tu kwamba mwendo wake uwe wa kasi kuliko upelelezi wa adui.

Iko na dua ya safari, ambayo imezunguka dunia nzima kwa makosa ya tafsiri. Kwa Kiingereza imeandikwa katika kadi na vitambaa vya ukutani kwamba barabara na iinuke kukulaki msafiri. Wengi wamejiuliza barabara iinukayo ina heri gani. Askari aliyepata kupanda mlima na mzigo mgongoni angeiita laana. Sababu ni kwamba kitenzi cha Kiairishi kilichomo katika maneno hayo, kiwapo peke yake maana yake ni kuinuka, lakini kifuatwapo na neno fulani dogo maana yake hugeuka kuwa kufanikiwa. Mfasiri aliliona la kwanza akalisahau la pili. Mwairishi mwenyewe alikuwa akisema jambo ambalo kila mama wa Kiafrika humwambia mwanawe kituoni pa basi: safari njema.

Sasa tuingie katika upande wa ukali, kwa kuwa glasi imepata kutumika hata kama kizuizi cha barabarani: mtu asimamishwe, aulizwe, ajulikane yuko upande gani. Mwaka 1690, katika mto Boyne, Mfalme William wa Tatu, Mprotestanti kutoka Uholanzi aliyekuwa amekalishwa katika kiti cha Uingereza, alimshinda baba mkwe wake Mfalme James wa Pili, Mkatoliki. Walioshinda wakatunga neno la glasi la kuisifu kumbukumbu tukufu ya William, neno refu lenye kuwataja maadui mmoja mmoja na kuwatakia mabaya ya kila namna wasiotaka kulinywea. Katika karne ya 18 neno hilo lilikuwa likitamkwa mezani, na macho ya waliohudhuria yakitazama ni nani aliyeacha glasi yake chini. Waliomtaka James nao hawakukosa ujanja. William alikufa mwaka 1702 baada ya farasi wake kujikwaa na kumwangusha. Husemwa farasi alikanyaga shimo la fuko. Basi wafuasi wa James wakawa wakinyanyua glasi kwa heshima ya "bwana mdogo aliyevaa mahameli meusi", yaani yule fuko. Na alipotajwa mfalme tu bila jina, hao walipitisha glasi zao juu ya bakuli la maji, kwa maana kwamba mfalme wao ni yule aliye ng'ambo ya bahari. Ofisa wa usalama aliyeketi meza ile ile angeandika nini katika taarifa yake? Kwamba watuhumiwa walimtakia mfalme afya njema.

Lakini dua iliyotufanya tuandike makala haya si hizo. Ni ile ya mambo manne. Mwairishi humtakia mwenziwe afya na maisha. Humtakia mwanamke aliyemchagua kwa moyo wake. Humtakia ardhi isiyolipiwa kodi. Na mwisho humtakia kifo katika Ireland. Mambo mawili ya kwanza hayahitaji maelezo kwa askari yeyote. Mawili ya mwisho ndiyo historia ya nchi yenyewe.

Wasomaji wetu walioishi Buganda wanalijua neno busuulu na wanajua jinsi lilivyowaingia wazee wetu mifupani. Basi wajue kwamba Mwairishi alilijua jambo hilo hilo kwa muda mrefu zaidi. Vita vya karne ya 16 na ya 17 viliiondoa ardhi mikononi mwa Wakatoliki wenyeji na kuitia mikononi mwa mabwana Waprotestanti, ambao wengi wao asili yao ilikuwa Uingereza na wengine hawakuishi hata katika kisiwa. Mkulima akawa mpangaji katika shamba alilozikwa babu yake. Akiliboresha shamba, kodi hupanda. Akishindwa kodi, hufukuzwa. Chakula chake kikabaki kiazi. Kiazi kilipopata ugonjwa mwaka 1845, na kuoza tena katika miaka iliyofuata, watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao milioni moja au zaidi wakapanda meli. Katika miaka hiyo hiyo nafaka na mifugo iliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza, na familia ziliendelea kutolewa nyumbani kwa kushindwa kodi. Waliosimama mlangoni wakati nyumba zikibomolewa walikuwa polisi na wanajeshi. Twaliandika hilo bila kupunguza, kwa kuwa wasomaji wetu ni polisi na wanajeshi.

Mwaka 1879 Michael Davitt, ambaye jamaa zake walikuwa wamefukuzwa shambani yeye akiwa mtoto mdogo, alishiriki kuanzisha Chama cha Ardhi. Mwaka uliofuata, katika wilaya ya Mayo, chama hicho kilimpata Kapteni Charles Boycott, wakala wa bwana mmoja mkubwa wa ardhi. Hakupigwa wala hakuchomewa nyumba. Watu walimwacha tu. Vibarua wakatoka shambani, wenye maduka wakakataa kumwuzia, dobi akaacha kufua, naye akabaki na mazao yake yakioza. Ndipo wakaletwa watu 50 kutoka wilaya za kaskazini kuja kuvuna, wakilindwa na askari wa jeshi na polisi wapatao elfu moja. Ilikadiriwa kwamba serikali ilitumia pauni 10,000 kuokoa mazao ya pauni 500. Jina la kapteni huyo likaingia katika lugha za dunia, na hata sisi hulitumia tusemapo "baikoti". Baada ya miaka mingi ya mvutano zikatungwa sheria za kuwakopesha wapangaji fedha za kununua mashamba, iliyo kubwa ikiwa ile ya mwaka 1903. Ile ardhi isiyo kodi ikatoka ndani ya glasi ikaingia katika hati.

Silaha ile ile ya kumwacha mtu peke yake ilielekezwa tena mwaka 1919, mara hii kwa jeshi zima la polisi. Bunge jipya la Ireland, lililokuwa likidai uhuru, liliwataka wananchi wasishirikiane kwa lolote na polisi wa serikali ya Kiingereza. Hao polisi wengi wao walikuwa Waairishi, watoto wa wakulima, Wakatoliki. Ghafula konstebo akaingia dukani akakuta hauziwi mkate. Akaenda kanisani benchi likaachwa tupu. Akaingia kilabuni asimpate wa kumwambia "afya". Wengi walijiuzulu, wengine waliuawa, na mwaka 1922 jeshi hilo likavunjwa. Polisi walioundwa mahali pake, waitwao Garda Síochána, yaani walinzi wa amani, waliamuliwa watembee bila bunduki, na askari wa kawaida wa Garda avaaye sare hata leo hana bunduki.

Tusije tukawaacha polisi wetu na huzuni hiyo, hebu tuwape kisa cha waragi ya Ireland. Waairishi ni mabingwa wa kale wa kupika pombe kali. Hata neno wiski limetoka katika lugha yao, katika maneno yenye maana ya "maji ya uzima". Kodi ilipowekwa juu ya pombe hiyo mwaka 1661, wanavijiji hawakuacha kupika. Walihamia milimani na kwenye mabwawa, wakapika kwa shayiri na baadaye hata kwa viazi, wakaiita poitín, yaani ya kichungu kidogo. Kilifuata kile ambacho kila konstebo wa Uganda anakijua. Moshi ulionekana asubuhi, doria ikapanda mlima saa sita, na mtambo ukakutwa umekwisha kuzamishwa bwawani. Katika karne ya 19 kulikuwako hata kikosi maalumu cha polisi wa kodi kwa kazi hiyo tu, kilichovunjwa mwaka 1857 na kazi yake kutiwa mikononi mwa polisi wa kawaida. Poitín ilikaa nje ya sheria mpaka mwaka 1997, iliporuhusiwa kupikwa kwa leseni na kuuzwa nchini. Kwetu serikali ilitumia njia hiyo mapema zaidi, ilipotunga sheria ya enguli katikati ya miaka ya 1960 na wapishi wakatakiwa kumwuzia kiwanda. Kama moshi ulikoma, wasomaji wetu wa vituo vya vijijini watatueleza.

Haifai mtu adhani kwamba taifa zima lilikuwa likinywa. Mwaka 1838, katika mji wa Cork, padri mmoja Mkapuchini aitwaye Theobald Mathew alianza kuwaapisha watu kuacha pombe kabisa, na katika miaka michache walioapa walihesabiwa kwa mamilioni. Mwaka 1898 Padri James Cullen wa shirika la Yesu alianzisha mjini Dublin chama cha Mapainia, ambao huvaa kifuani beji ndogo ya Moyo Mtakatifu na hawaonji kileo. Painia huyo akiwapo katika arusi hunyanyua glasi ya maji au ya chai na kutamka "afya" kwa sauti kubwa kuliko wote, na hakuna amwulizaye. Hilo twalisema kwa makusudi kwa ajili ya vijana wetu walioko messi, ambao hudhani kwamba soda haifai kumheshimu mtu.

Sheria nayo ilisaidia. Tangu mwaka 1927 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 mabaa ya Ireland yalifungwa hata siku ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17 Machi, ambayo ni sikukuu ya taifa. Mahali palipobaki na ruhusa mjini Dublin palikuwa kwenye maonyesho ya mbwa. Husimuliwa kwamba katika miaka hiyo mapenzi ya watu wa Dublin kwa mbwa yaliongezeka mno, ingawa wengi hawakumaliza kumtazama hata mmoja.

Turudi kwenye lile la nne, kifo katika Ireland, ambalo mgeni alisikiapo mara ya kwanza hushtuka. Nani amtakiaye mwenzake kifo karamuni? Lakini dua hiyo haitamkwi kwa kutazama kaburi. Hutamkwa kwa kutazama bahari. Tarehe 3 Oktoba 1691, baada ya kuzingirwa mji wa Limerick, jemadari Patrick Sarsfield alitia sahihi mkataba uliomruhusu kuondoka na jeshi lake. Askari wapatao 14,000 walivuka kwenda Ufaransa, wakaingia katika jeshi la mfalme wa huko. Hao na waliowafuata huitwa Bata Bukini wa Mwitu, kwa kuwa ndege hao huondoka kwa makundi. Sarsfield alijeruhiwa vitani huko Landen mwaka 1693 akafa siku chache baadaye katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Kwa muda wa miaka mia moja Waairishi walipigana chini ya bendera za Ufaransa, Hispania na Austria, na katika kambi hizo dua ya kufia nyumbani ilikuwa na uzito ambao mtu wa kawaida hawezi kuupima. Askari aliyepata kutumikia mbali na kwao hahitaji kuelezwa.

Baada ya njaa kubwa dua ikawa ya kila familia. Kijana alipokata tikiti ya meli ya kwenda Marekani, usiku wa mwisho jirani walikusanyika nyumbani kwao wakafanya kama wafanyavyo wakikesha na maiti: vinywaji, tumbaku, nyimbo, hadithi, na kilio alfajiri. Waliuita kesha la Marekani. Aliyekuwa akiagwa alikuwa mzima, lakini mama yake alijua kwamba hatamwona tena. Ilikuwa vema kumwombea, kwa glasi iliyonyanyuliwa, kwamba japo mwisho wake uje kuwa hapa.

Mwezi Julai mwaka 1960 dua hiyo ilisafiri mpaka Kongo. Jeshi la Ireland, ambalo halikuwa limepata kutuma kikosi chenye silaha nje ya nchi, liliitikia mwito wa Umoja wa Mataifa. Batalioni ya 32 ilitua katika joto la ikweta ikiwa imevaa sare za sufu nzito. Tarehe 8 Novemba mwaka huo doria ya askari 11, chini ya Luteni Kevin Gleeson, ilikwenda kukagua daraja lililovunjwa karibu na Niemba, kaskazini ya Katanga. Hapo walikutana na wapiganaji wa Kiluba. Masimulizi ya mkasa huo husema kwamba luteni alitembea mbele akawaamkia kwa Kiswahili, "Jambo". Lakini Waluba hao walikuwa wamekwisha kuteswa na askari wa serikali ya Katanga na mamluki wake weupe, na mweupe mwenye bunduki walimjua kwa sura moja tu. Mishale ilianza kuruka. Waairishi tisa walikufa. Maiti ya askari mmoja, Anthony Browne, haikuonekana kwa miaka miwili. Ilipatikana mwaka 1962 ndipo ikarudishwa kwao. Alitunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya jeshi lake, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipata. Wenzake waliozikwa mapema, mwezi huo huo wa Novemba 1960, waliagwa katika barabara za Dublin na umati wa mamia ya maelfu. Jeshi hilo lilipoteza askari 26 katika Kongo kabla ya kuondoka mwaka 1964.

Na hata katika moto ule ucheshi wa glasi haukuwatoka. Mwezi Septemba 1961, kompani moja yenye askari zaidi ya 150, chini ya Kamanda Pat Quinlan, ilizingirwa huko Jadotville, mji ambao leo huitwa Likasi. Kwa siku tano walipigana na adui aliyewazidi mara nyingi kwa idadi. Maji yaliyoletwa kwa helikopta yalikuwa katika madebe yaliyonuka petroli. Quinlan alituma ujumbe kwa redio kwamba watashikilia mpaka risasi ya mwisho, akaongeza kwamba wiski kidogo isingewadhuru. Risasi ziliisha, maji yaliisha, wakatekwa, na baadaye wakaachiliwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa katika mapigano hayo. Kwa miaka mingi walitazamwa nyumbani kama watu walioinua mikono. Kompani yao ilipewa heshima rasmi mwaka 2016, Quinlan mwenyewe akiwa amekwisha kufa mwaka 1997.

Wako wapiganaji wetu waliowaona Waairishi kwa karibu zaidi, katika kambi ya Bihanga, ambako Umoja wa Ulaya ulikuwa ukiwafunza askari wa Somalia tangu mwaka 2010. Kuanzia mwaka 2011 mkuu wa ujumbe huo alikuwa Kanali Michael Beary wa jeshi la Ireland. Ukimkuta mtu aliyekuwako, mwulize kama hakulisikia neno "slancha".

Lakini Mwairishi aliyejulikana Uganda kuliko wote hakuwa askari. Teresa Kearney alizaliwa mwaka 1875 katika wilaya ya Wicklow, akawa mtawa kwa jina la Mama Kevin, akafika Uganda mwezi Januari 1903 pamoja na wenzake watano, wakaanza kazi Nsambya chini ya mti. Watu wakamwita Mama Kevina. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Alikufa Boston, Marekani, mwezi Oktoba 1957, akiwa mzee wa miaka 82. Mwili wake ulipelekwa Ireland, ukazikwa huko, kama ile dua ya nne ipendavyo. Waganda wakakataa. Walituma maombi arudishwe kwa watu wake, na mwezi Desemba mwaka huo huo alifukuliwa, akasafirishwa mpaka Uganda, akazikwa Nkokonjeru, ambako yuko hata leo.